Dodoso Nililomjazia Mpwa Wangu

Kwetu Mabatini, hapa Mwanza, fomu haijazwi na mtu mmoja. Ikifika nyumbani, iwe ya shule, ya kitambulisho au ya kuunganishiwa maji, meza inafutwa, vikombe vya chai vinasogezwa mbali, na anatafutwa mwenye mwandiko mzuri. Wengine wanakaa kuizunguka meza wakikumbushana tarehe na majina ya marehemu. Kwa miaka mingi mwenye mwandiko mzuri nilikuwa mimi.

Niliishia kidato cha nne, lakini mwandiko ule umenilisha. Nimejaza vitabu vya wageni katika nyumba ya kulala wageni Bukoba. Nimeandika uzito wa sangara wanaposhushwa mwaloni Musoma. Nimechora majina ya maduka Geita na Sengerema. Kila mahali nilikaa mwaka, mwaka na nusu, halafu nyayo zikaanza kuniwasha. Nikiwa Bukoba niliota mawe ya Mwanza na harufu ya dagaa wanaoanikwa juani. Nikirudi Mwanza, haukupita mwezi kabla sijaanza kuusimulia ukungu wa Bukoba kwa watu ambao hawakuniuliza. Mama yangu husema nina tabia ya meli: haijamaliza kushusha abiria, tayari inapiga honi ya kuondoka.

Kila niliporudi, majirani walinijia na karatasi zao. "Mwandishi karudi," walitaniana mlangoni. "Leteni fomu kabla hajatoroka." Nilipenda. Mtu asiye na nyumba, mke wala shamba anahitaji kitu cha kupokelewa nacho, na mimi nilikuwa na mwandiko.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Alikuwa fundi cherehani Igoma, kwenye kibanda kilichotazama barabara ya Musoma, na alishona sare za shule kwa haraka kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Yeye aliishia darasa la saba ili mimi niendelee. Hakuwahi kunikumbusha. Binti yake wa pekee alimlea Mabatini, nyumbani kwa mama yetu, na tangu mtoto yule akiwa mdogo dada alikuwa akimpima urefu kwa utepe wake wa kushonea na kusema, "Bado kidogo tu, koti la daktari litakukaa."

Binti alipokuwa kidato cha tatu, dada alianguka kwenye cherehani. Kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakampotea yote isipokuwa machache, na hayo machache yalikuwa matusi. Mwanamke ambaye maisha yake yote alimwita hata kondakta "mwanangu" sasa alikuwa akimtukana aliyemletea uji. Nilitoka Bukoba nikaja kumwona. Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi niliwaambia kuna kazi nimeiacha nusu, nikapanda meli. Hakukuwa na kazi yoyote iliyobaki nusu.

Mama yangu mgongo wake haukuweza kunyanyua mtu mzima. Kwa hiyo aliyenyanyua ni mpwa wangu. Alimgeuza mama yake alfajiri, akamwosha, akambadilishia shuka, akavaa sare, akaenda shule. Akirudi, alianza upya. Alifanya hivyo miaka miwili na miezi kadhaa. Dada alipofariki nilifika siku ya tatu ya msiba, nikakuta maturubai yanakunjwa.

Mtoto yule alifaulu. Alimaliza kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, na matokeo yalipotoka mama yangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Nilikuwa Sengerema wakati huo, nikavuka maji kesho yake. Niliporudi safari hii nilijiapiza kwamba nitakuwa na faida.

Aliomba kusomea udaktari katika chuo kimoja cha huku kwetu kandoni mwa ziwa. Chuo hicho hakikuridhika na alama za mtihani peke yake. Pamoja na barua ya kuitwa kwenye usaili walimpa kijitabu chembamba cha maswali. Hayakuwa maswali ya moyo una vyumba vingapi. Yalikuwa sentensi fupi fupi, na mbele ya kila sentensi uliweka alama: kweli kabisa, mara nyingine, au si kweli. *Nakasirika watu wanaponichelewesha. Nimewahi kusema uongo. Mtu anayelalamika sana hunichosha. Nikianza jambo lazima nilimalize.* Walikiita dodoso la haiba. Mama yangu aliuliza haiba inapimwa kwa kijitabu tangu lini, maana yeye hupima kwa kumtazama mtu anavyokula.

Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa pameandikwa: Jaza mwenyewe, bila msaada wa mtu mwingine.

Mpwa wangu alikuwa ameshakijaza kwa penseli. Nilimkuta mezani Jumamosi mchana, nikavuta kiti.

"Lete tukijaze vizuri, mama," nikamwambia. Namwita mama kwa sababu amepewa jina la mama yangu.

"Mjomba, wameandika nijaze mwenyewe."

"Mwenyewe maana yake usikipeleke steshenari kwa watu baki. Mimi ni steshenari?"

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akacheka. "Steshenari wana mashine. Huyu ana mdomo tu."

Nilianza kusoma alama zake za penseli. Kwenye kukasirika ameweka mara nyingine. Kwenye uongo ameweka kweli kabisa. Kwenye mtu anayelalamika, mara nyingine.

"Wewe unakasirika?" mama yangu akauliza. "Nani kakufundisha kukasirika ndani ya nyumba hii?"

"Bibi, jana si ulinikuta nagombana na kuku?"

"Kuku si mtu. Andika hukasiriki."

"Na hapa kwenye uongo," nikasema, "umejishtaki mwenyewe. Karatasi hii itakaa ofisini miaka yote. Utakuwa daktari mkuu, na siku mtu akikuchukia ataenda kabatini, atatoa hii: tazameni, alisema mwenyewe kuwa ni mwongo."

"Lakini kila mtu amewahi kusema uongo, Mjomba."

"Kila mtu, ndiyo. Si kila mtu anaandika."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Karatasi inayobeba jina la ukoo kwenda ofisini huvalishwa kama mtoto anayekwenda kanisani: inaoshwa, inapigwa pasi, viraka vinageuziwa ndani. Niliamini hivyo kwa dhati. Nilikuwa nimejaza fomu za nusu ya mtaa kwa namna hiyo na hakuna iliyowahi kurudishwa. Basi tukaenda sentensi kwa sentensi. Yeye alifuta kwa raba, mimi nikaweka alama kwa wino. Hakasiriki. Hachoshwi na mtu. Hajawahi kusema uongo. Humaliza kila anachoanza. Mama yangu aliitikia kama mtu anayeitikia sala.

Ukurasa wa mwisho haukuwa na alama za kuweka. Ulikuwa na mistari mitupu, na juu yake swali moja: Eleza wakati mmoja ulioshindwa kuwa mvumilivu kwa mtu aliyekuhitaji.

Alikuwa amejibu, kwa herufi ndogo zilizoinama. Nayakumbuka maneno yale kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.

*Mama alipokuwa mgonjwa kuna siku alinitukana wakati namwosha. Nilimwacha kwenye shuka lililolowa nikatoka nje. Nilikaa juu ya jiwe nikiwa nasikia anavyolia. Nilitaka alie. Baada ya muda nilirudi nikambadilishia shuka, na hatukusema chochote. Sijawahi kumwambia mtu.*

Nilisoma mara mbili. Nililiona lile jiwe, lipo nyuma ya jiko, ndilo dada na mimi tulilokuwa tukianikia viatu. Nilimwona dada yangu kwenye shuka. Na nilijiona mimi, siku hiyohiyo ambayo siijui ni ipi, nikiwa Bukoba naandika katika kitabu cha wageni mtu katoka wapi na anakwenda wapi.

"Wameuliza nini hapo?" mama yangu akauliza. Yeye hajui kusoma.

"Wameuliza mambo ya uvumilivu."

"Basi waambieni. Mtoto huyu ni mvumilivu kuliko punda."

Mpwa wangu alikuwa ananitazama. Hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi usoni, mikono yake ameiweka chini ya meza, na alisubiri.

"Futa," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote."

Akachukua raba. Alifuta taratibu, mstari baada ya mstari, akapuliza vumbi la raba likaangukia kwenye mchele wa bibi yake, bibi akamfokea, tukacheka. Kisha mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika: *Sikumbuki wakati wowote nilioshindwa kuwa mvumilivu kwa mtu aliyenihitaji.* Nilijisikia nimeilinda familia. Nilijisikia pia kama mtu aliyefunga dirisha kwa haraka kabla hajaona kilichokuwa nje.

Siku ya usaili nilimsindikiza. Wazazi na walezi tulikaa kwenye benchi ndefu nje ya jengo, kila mmoja amevaa nguo yake ya Jumapili. Karibu yangu alikaa mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Kagera, ana fimbo na koti zito kwenye jua lile.

"Huyu wangu," akaniambia, "nimemwambia wakimuuliza, aseme anapenda damu."

"Damu, mzee?"

"Kuiona. Sikusema kuinywa." Akafikiri kidogo. "Na wewe wako umemwambia aseme nini?"

"Wangu tumejaza kila kitu nyumbani," nikamjibu kwa majivuno. "Hana la kusema."

Kijana wa yule mzee alikaa ndani muda mrefu. Mpwa wangu hakukaa. Alitoka, akaniambia twende, tukatembea mpaka ufukweni, mahali ambapo mawe yanaingia majini na akina mama wanafua. Tuliketi. Akanisimulia bila kunitazama.

Aliyemsaili alikuwa daktari mmoja, mama wa makamo, mpole. Alikuwa na kile kijitabu mbele yake. Alifungua kurasa zote polepole, halafu akavua miwani.

"Binti, umejaza mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Hujawahi kukasirika?"

"Hapana, daktari."

"Wala kuchoshwa na mtu?"

"Hapana."

Yule daktari akamwambia kwamba kule wodini yeye mwenyewe huchoka, tena kila siku, na kwamba sentensi zile zimewekwa makusudi. Mtu wa kweli lazima akubali baadhi yake. Anayezikataa zote, ama hajijui, ama anaficha, na chuo huwaogopa wote wawili. Kisha akasukuma kijitabu pembeni kabisa. "Hebu tukiache hiki. Niambie tu kwa mdomo. Kuna siku yoyote ulishindwa kumvumilia mtu aliyekuhitaji?"

"Ukasema nini?" nikamuuliza.

"Nikasema sikumbuki."

"Kwa nini, mama? Si alikuwa amekiweka pembeni kijitabu?"

Akaokota kijiwe akakitupa majini. "Ulikuwa umeandika wewe, Mjomba. Ningesema vingine ningekuwa nimekuambia wewe mwongo mbele ya mtu baki. Akaniuliza mara ya pili. Akaniuliza mara ya tatu. Nikasema sikumbuki."

Hivi ndivyo tulivyomlea. Mtoto hamwumbui mjomba wake nje ya nyumba.

Majibu yalikuja kwenye simu, mstari mmoja: hakuchaguliwa. Alimsomea bibi yake kwa sauti, akaweka simu juu ya meza, akaenda kuchota maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Mama yangu alimlaumu daktari, akamlaumu shetani, akalaumu Kiingereza. Mimi nilikuwa najua raba ile ilikuwa mkononi mwa nani na nani aliiamuru.

Nilisikia nyayo zinawasha. Nakiri. Asubuhi yake nilishuka mpaka bandarini na begi, nikauliza saa ya meli ya Bukoba. Nilisimama pale na begi langu mpaka mkono ukafa ganzi, nikawaza ile siku ya kumi niliyomkimbia dada. Halafu badala ya kukata tiketi nikaenda chuoni.

Mlinzi hakuniruhusu kuingia. Nilingoja nje ya geti mpaka saa ya chakula cha mchana, nikamtambua yule daktari kwa maelezo ya mpwa wangu, nikamsogelea. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama juani: kwamba dodoso nilijaza mimi, kwamba mtoto alikuwa ameandika ukweli nikamfutisha. Nikamwambia na maneno aliyoyaandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Niliuona mwandiko," akasema. "Jina na shule aliandika yeye, ukurasa wa mwisho haukuwa mkono wake. Ndiyo maana nilimuuliza mara tatu. Nilikuwa namtafutia mlango."

"Nafasi bado ipo, daktari?"

"Mwaka huu hapana, ndugu yangu. Orodha imefungwa." Akanitazama kidogo, si kwa hasira. "Maneno yale aliyoyafuta, ndiyo tunayoyatafuta. Mtu aliyerudi na shuka jingine na akajua alichofanya. Mwambie aombe tena mwakani. Aje yeye, na penseli yake."

Nilipanda mlima wa Mabatini kama kijana. Niliona bado kuna kitu ninachoweza kuleta nyumbani. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya lile jiwe, anamenya viazi. Nikamweleza kila kitu, neno kwa neno, mpaka lile la penseli. Nilitarajia atasimama.

Aliendelea kumenya. "Asante kwa kwenda, Mjomba."

"Kwa hiyo tutaomba tena. Safari hii siigusi karatasi yako. Nitakaa hata nje ya nyumba."

"Sitaomba."

"Kwa nini, mama? Daktari mwenyewe amesema."

Aliweka kisu kwenye sufuria. "Wewe unadhani niliwaandikia wao," akasema. "Ile karatasi niliiacha mezani siku mbili. Nilijua utakuja pale, na nilijua utaomba kuisoma, wewe unapenda fomu. Nilikuwa sijamwambia mtu. Bibi siwezi kumwambia, ni mwanawe. Nikasema Mjomba akisoma ataniambia kitu. Hata kama ni kunipiga kofi. Hata kama ni kusema, mama yako alikusamehe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenielekeza njia ya sokoni. "Ukasema futa."

Nilikuwa na ya kusema, hata sasa ninayo, mengi sana. Nilitaka kumwambia kwamba yeye alitoka nje mpaka kwenye jiwe, hatua kumi, na akarudi. Mimi nilitoka mpaka ng'ambo ya ziwa. Nilifungua mdomo, kilichotoka ni kwamba mama yake alikuwa amemsamehe.

"Sasa hivi haiingii, Mjomba," akasema. "Siku ile ingeingia." Akachukua kiazi kingine.

Mwaka uliofuata aliomba kweli, lakini si udaktari. Alipata nafasi chuo kimoja Dodoma, masomo ya takwimu. Mama yangu alipomuuliza ndiyo nini, alimjibu ni kazi ya kuhesabu watu bila kuwagusa. "Na hazilalamiki, Bibi. Takwimu hazina maumivu." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa bado nipo Mabatini. Nimekaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote, na majirani wameacha kunitania kuhusu meli. Bukoba naiwaza kila siku. Siendi.

Fomu ya kujiunga ilipofika, aliijaza peke yake, asubuhi, kwa wino, bila kusita. Mimi nilikuwa nimeshafuta meza kwa mazoea na kuvisogeza vikombe. Nilisimama dirishani ili asidhani nachungulia. Alipofika chini, mahali pa sahihi ya mzazi au mlezi, kalamu ikasimama. Nilijifuta mikono kwenye suruali.

"Bibi," akaita, "njoo hapa mara moja."

Mama yangu akaja kwa mwendo wake wa kuegemea ukuta. Mpwa wangu akashika mkono ule wa kizee, akaanza kulipaka dole gumba wino wa kalamu, mstari kwa mstari, kwa utulivu, akigeuza kidole upande na upande kama alivyokuwa akimgeuza mama yake.

"Unanitekenya," mama yangu akasema. "Na kwa nini mimi? Si mjomba wako huyo hapo, ana mwandiko?"

"Tulia, Bibi. Nakaribia kumaliza."

Akalishusha dole gumba kwenye karatasi, akalibonyeza, akahesabu moyoni, akaliinua. Alama ilitoka safi. Kisha akamfuta bibi yake kidole kwa upindo wa kanga, polepole, mpaka wino wote ulipotoka.